Sauti Iliyosema Maji Yapo

Jumanne ya tarehe kumi na tisa mwezi wa tano, kati ya saa tano na saa saba mchana, mke wa Rejeta aliungua ndani ya kichwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Hakupiga kelele. Mumewe alikuwa hatua thelathini kutoka pale, kwenye benchi lililo nje ya mlango wa kioo cha ukungu, viatu vya mkewe amevipakata kwenye mfuko wa plastiki, na hakusikia kitu. Ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote. Mtu wako anaungua karibu hivyo, nawe unapiga miayo.

Rejeta halikuwa jina lake, ilikuwa kazi yake. Aliziba rejeta za magari zinazovuja, tangu ana miaka kumi na minne, baada ya darasa la nne kumshinda, au yeye kulishinda, ilitegemea siku hiyo anamsimulia nani. Mkewe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Yeye walimwita Pindo, kwa sababu kila sketi na kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne kwa ndani. "Mtoto anakua," alikuwa akisema, "kitambaa hakikui." Nyumba ya mafundi wawili, na mlango wa jikoni ukaning'inia kwa bawaba moja miaka saba, kila mmoja akidai fundi wa milango ni yule mwenzake.

Ugonjwa ulianza na maumivu ya kichwa, kisha mkono wa kulia ukaanza kumsaliti. Mshono ulikwenda upande. Mkasi ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, alimkokota mama yake mpaka kwenye mashine ya picha, na picha ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto, mkubwa kama yai la kuku anayeanza kutaga. Daktari alisema si ule mbaya. Umekaa kati ya fuvu na ubongo, haujazama. Unabanduliwa, basi.

Pindo alitaka kungoja. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na vitambaa vilimfika kiunoni.

"Mama, sare zitasubiri," binti alimwambia. "Kichwa hakisubiri."

"Umeshaanza kunifundisha na mimi? Haya, mwalimu. Niandikie mahudhurio."

Akaenda huku anacheka.

Walisema ni kazi ya saa tatu. Alikaa ndani saa sita na ushee. Kesho yake alifumbua macho, na upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, mkono, mguu, hata shavu. Ulimi haukurudi. Alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama mwingine kutoka ng'ambo ya barabara yenye magari mengi, anataka kuvuka, haoni nafasi. Siku ya tatu ikaingia homa, ubongo ukavimba, wakampeleka kwenye chumba cha mahututi, na Jumatano ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, akazimika.

Cheti cha kifo kilisema: uvimbe wa kichwani na matatizo yatokanayo nao.

Binti alikisoma kwa sauti mezani, kwa sababu kusoma kwa baba yake kulikuwa kwa kuvizia, herufi moja moja. Akakisoma mara ya pili, polepole.

"Matatizo yatokanayo nao," alisema. "Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Angengoja, baba. Angemaliza sare zake. Mimi ndiye niliyemharakisha."

"Wewe ulimtafutia dawa."

"Nilimtafutia tarehe."

Tangu hapo hakwenda kufundisha. Mwalimu mkuu alituma watu mara mbili, wakarudi na salamu. Alikaa mbele ya cherehani ya mama yake kuanzia asubuhi, mkono juu ya gurudumu, bila kulizungusha. Chakula alikigusa tu kama mtu anayepima joto lake. Rejeta alikuwa amezika mke. Sasa alimwona mtoto naye anajichimbia, kijiko kwa kijiko, na hakujua amnyang'anye vipi hicho kijiko.

Wiki ya tatu akaja mwanamke mmoja karakanani kuulizia sare za wajukuu wake, nguo tatu za kijani alizokuwa ameziagiza kwa marehemu. Rejeta alimpa zikiwa hazina vifungo. Mama yule alizipokea, akazikunja, akazikunjua, akakaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

"Kaka, mimi naosha vyombo vya chumba cha upasuaji," alisema. "Mwaka wa ishirini na sita huu."

Rejeta aliweka chini kifaa cha kulehemu.

"Kuna koleo wanalotumia kichwani. Jembamba, kama kibanio cha kung'olea nyusi, lina waya wa umeme. Mshipa mdogo ukivuja damu, daktari anaubana kwa ncha zile mbili, anakanyaga pedali, unaungua na kuziba. Koleo la siku ya mkeo lilikuja kwangu na ukoko."

"Ukoko gani?"

"Ukoko, kaka. Kama wa sufuria ya wali. Mweusi, umegandia ncha zote mbili. Nimelisugua mpaka kidole kikafa ganzi. Na koleo likipata maji halifanyi vile."

Akaeleza kwamba kila linapochoma, lazima mtu awe anadondosha maji ya chumvi juu ya ncha, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Yasipodondoka, nyama inagandia, ukoko unajijenga, umeme unapita kwa shida, na daktari anaona haliumi vizuri, anaagiza waongeze moto. Na moto ukiongezwa haukai pale ulipobanwa.

Hapo Rejeta alimnyanyulia mkono anyamaze. Hakuhitaji zaidi, lilikuwa somo lake. Rejeta ya gari ina viungo vilivyopangana kama meno. Ukilehemu kimoja bila tahadhari, joto linatambaa kwenye shaba, na lehemu ya kiungo cha jirani, kizima, kisicho na kosa, inayeyuka na kudondoka. Umeziba tundu moja, umefungua mawili. Ndiyo maana jirani hufunikwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho lazima kinyunyiziwe bila kukoma. Kazi ya kunyunyiza aliifanya Pindo mara nyingi, akipita kumletea chakula cha mchana. "Leo nimwagilie mchicha gani?" alikuwa akimtania, kikopo mkononi. Na alikuwa haondoi macho. Hata mtu akimwita barabarani haitiki mpaka moto umezimwa.

"Aliyeshika maji siku ile ni nani?" Rejeta aliuliza.

"Ndiyo hilo." Mama wa vyombo alitazama nje, kisha akashusha sauti. "Daktari macho yake yamo kwenye hadubini, hayatoki. Kwa hiyo kila kabla ya kukanyaga pedali huuliza, 'Maji?' Na mtu wa maji anaitika, 'Yapo.' Akiitikiwa, anachoma. Ndiyo desturi yetu, wameikuta madaktari wote. Sasa wiki ile mkurugenzi alikuwa ametoa waraka, nesi mmoja ahudumie meza mbili. Nesi wa maji aliitwa chumba cha pili, akakaa huko zaidi ya saa nzima."

"Daktari akauliza?"

"Aliuliza. Huwa haachi."

"Akaitikiwa?"

"Angechoma bila kuitikiwa?"

"Na nani, dada, ikiwa mwenyewe hayupo?"

Mama alivuta pumzi. "Kule ndani watu huitikia. Miaka nenda miaka rudi neno ni lile lile. Mtu akipiga hodi kwako, husemi karibu kabla hujajua ni nani? Basi hivyo." Akainuka, akazibana zile nguo kwapani. "Na ukinitaja mbele ya watu, kaka, nitaapa sijawahi kuiona hata njia ya kuja hapa. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Lakini mkeo aliwaachia wajukuu wangu pindo la vidole vinne. Nimeshindwa kulala na hilo."

Shemeji yake, mdogo wake Pindo, alipoambiwa, alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa mtu mwema, mwenye methali ya kila msiba.

"Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki."

"Yangemwagika, dada yako angekuwa hai."

"Nasema tu tumwachie Mungu. Ni kazi yake."

"Mungu hashiki koleo."

"Usikufuru bwana."

"Nakufuru nini? Namtetea. Hawa wamefanya madudu yao, wamemsingizia yeye, na wewe unawashikia mlango."

Shemeji alijikuna shingo. "Haya. Unataka nini basi? Wafungwe?"

Rejeta alifikiri. Angependa, asingedanganya. Angependa kumwona mkurugenzi aliyeandika ule waraka amekaa kwenye benchi lile la nje, na viatu vya mtu wake mapajani. Lakini alitazama dirishani, akamwona binti yake kwenye cherehani, mkono juu ya gurudumu.

"Nataka mstari mmoja," alisema. "Wafute ule wa kwanza, waandike aliungua. Mtoto asome kwamba mama yake hakuuawa na haraka."

Jioni hiyo alimwambia binti yote, ila jina la mama wa vyombo. Binti alisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza swali moja tu, "Wataandika?"

"Lete kalamu."

Ilikuwa mara ya kwanza binti kuishika tangu mazishi.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na karani, kwamba imepokelewa. Ya tatu Rejeta aliipeleka kwa mkono, akakaa kwenye ofisi ya nje ya mkurugenzi kuanzia kufunguliwa mpaka kufungwa, siku nne mfululizo, na ovaroli lake lenye harufu ya asidi. Siku ya nne katibu muhtasi alifungua madirisha yote, na siku ya tano wakapewa miadi. Rejeta alikuja kusema kwamba si haki iliyofungua mlango ule, ni pua ya katibu.

Walikutana chumba cha mikutano, Ijumaa, saa nne asubuhi. Meza ilikuwa ndefu, na mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji. Rejeta alizihesabu zile chupa. Saba. Humu yalikuwepo.

Mkurugenzi alikaa kichwani pa meza. Kulia kwake alikuwepo daktari wa upasuaji, mwanamume wa miaka arobaini hivi, amekonda kuliko Rejeta alivyomkumbuka. Kushoto matroni, mkuu wa manesi. Kisha daktari wa dawa ya usingizi, na mwishoni nesi wa maji, msichana aliyekuwa ameshavimba macho kabla kikao hakijaanza. Rejeta na binti walipewa upande wa pili, peke yao. Binti alifungua daftari.

"Mzee wangu," mkurugenzi alianza, "kwanza tunakupa pole nyingi sana. Marehemu alikuwa mgonjwa wetu, na kila upasuaji una hatari zake. Ulielezwa, na ukatia saini."

"Nilitia saini kichwa kifunguliwe. Sikutia saini kichwa kikaangwe."

"Lugha, mzee, tafadhali."

"Ndiyo lugha niliyonayo. Ya darasa la nne. Wewe uliyesoma nipe nyingine, kama ipo."

Binti alimgusa mkono. Rejeta akajizuia, akaeleza. Alieleza lehemu, kiungo cha jirani, kitambaa kibichi. Alieleza ukoko, bila kusema ameujulia wapi. Alipofika pale moto unapoongezwa, daktari wa upasuaji aliinamisha kichwa. Hakubisha hata neno moja. Mkurugenzi alimtazama mara mbili kwa ukali, kama mtu anayengoja mwenzake apige makofi.

"Nilikuwa chumba cha pili," nesi wa maji alisema kabla hajaulizwa. "Niliitwa. Nilimwambia matroni huku sijamaliza."

"Alisema," matroni alikubali. "Na mimi nilikuwa na waraka."

"Waraka ulitokana na maelekezo," mkurugenzi alisema. "Watumishi hawatoshi. Na mimi nina wakubwa wangu."

Basi kila mtu alinyoosha kidole kwa aliye juu yake, mpaka cha mwisho kikatoboa paa. Rejeta alijua kwamba huko juu ya paa kuna mwingine, ananyoosha cha kwake mawinguni. Wenye vyeo ndivyo walivyo, sifa inashuka mpaka kwao na kusimama, lawama inapanda na kupita.

"Sitaki wakubwa wako," alisema. "Nataka mstari mmoja kwenye cheti. Aliungua. Niandikieni, niende zangu."

Mkurugenzi aliondoa miwani.

"Nitakwambia ukweli, mzee. Cheti kinaweza kurekebishwa. Kuna fomu." Akaivuta kwenye faili, akaisukuma mezani mpaka kwa binti. "Lakini jeraha la chumba cha upasuaji haliandikwi hewani. Tazama hapo chini. Inataka jina la aliyehusika na namna alivyohusika. Bila jina hairuhusiwi kwenda mbele. Nesi alikuwa kazini kwingine, imeandikwa. Daktari aliuliza kama desturi inavyotaka, akaitikiwa. Wote walifuata utaratibu."

Binti aliisoma fomu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Ni kweli, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna nafasi ya jina."

"Basi ni la aliyeitikia," Rejeta alisema. "Aliyesema yapo, na hayapo. Ni nani?"

Matroni alisema yeye hakuingia kabisa chumba kile. Daktari wa usingizi alisema yeye hukaa nyuma ya pazia, anahesabu pumzi, mambo ya maji hayamhusu. Siku ile chumbani walikuwepo wengine wawili, mshika vyombo anayemkabidhi daktari vifaa na msaidizi, wameshaandika maelezo, hawakumbuki.

"Daktari," Rejeta alimgeukia wa upasuaji. "Wewe ulisikia. Sauti ilikuwa ya mwanamke au ya mwanamume?"

"Tunavaa barakoa, mzee. Na mashine zinalia."

"Mimi gari likiingia karakanani najua linaumwa wapi kabla halijasimama. Sauti ni sauti. Fumba macho. Hawa waseme mmoja mmoja, wafunike midomo kwa kiganja. Na wale wawili waitwe."

"Hii si mahakama!" mkurugenzi alisema.

"Wala si mazishi, hayo nilishafanya. Fumba macho, mwanangu."

Daktari alifumba. Hakuna aliyetegemea. Ndipo nesi wa maji, ambaye peke yake ilijulikana hakuwepo, akafunika mdomo na kusema, "Yapo," na sauti ikamkatikia katikati. Daktari akatikisa kichwa. Daktari wa usingizi alisita, akalisema neno kwa hasira. Daktari akatikisa kichwa. Wakaitwa wale wawili kutoka wodini, wakasimama mlangoni na barakoa zao, wakasema. Mshika vyombo alilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka. Kila walipolitamka, binti wa Rejeta alishtuka kidogo, kama anayechomwa sindano. Peni yake ilikuwa juu ya ile nafasi tupu.

Daktari alifumbua macho. Yalikuwa mekundu.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna, au humtaji?"

"Ningemtaja. Wallahi ningemtaja, ningelala." Alishika chupa yake ya maji, hakuifungua. "Mzee, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja. Kwa siku moja nauliza mara mia, mia mbili. Nauliza, mguu uko kwenye pedali. Siku ile hali ilikuwa mbaya, damu haikukatika, niliagiza waongeze moto mara tatu. Kila mara niliuliza. Hilo nina hakika. Na kila mara nilijua kwamba nimeitikiwa."

"Umejua," Rejeta alisema polepole, "au umesikia?"

"Daktari, huna haja ya kujibu hilo," mkurugenzi alidakia, mkono wake tayari umeifikia fomu.

Binti aliigandamiza kwa kiganja, isiondoke. Rejeta aliinuka, akaegemea meza kwa ngumi mbili nyeusi za lehemu, mpaka uso wake ukawa karibu na wa yule daktari, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mwanangu, huyu hapa ni mtoto wake, anangoja aandike. Nijibu hili moja tu. Ulisikia mtu, au ulisikia mazoea?"